Mpeni Maji, Arudi

Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mkaratusi nyuma ya goli la upande wa barabara, na yeye ndiye aliyekuwa kombe. Ilikuwa mwaka 2009, Nkwenda, wakati Kyerwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Nilikuwa na miaka kumi na kazi yangu ilikuwa moja tu: kushika dumu la maji la lita tano na kukimbia nalo uwanjani nikiitwa.

Baba yangu mdogo alikuwa beki wa kati. Alikuwa amerudi nyumbani kutoka Mwanza, ambako alicheza kwa mkataba miaka kadhaa, kwa hiyo timu pinzani ililalamika kwamba sisi tumeleta mamluki. Hakuwa mamluki. Shamba lake la kahawa lilikuwa umbali wa kilomita mbili kutoka uwanjani. Tulikuwa tunaongoza moja bila, zimebaki dakika chache, wakapata kona. Baba mdogo akaruka. Mshambuliaji wao akaruka. Vichwa vikagongana, na hadi leo naweza kukwambia sauti ile ilikuwaje: kama gogo kavu la kuni linapopigwa kwa jingine.

Alianguka bila kujikinga. Mikono yake ilikakamaa mbele, kama mtu anayesukuma mlango ambao haupo. Mwenyekiti wa timu akapiga kelele kutoka kwenye mstari: "Mpeni maji, arudi!"

Nikakimbia. Nikammwagia dumu zima kichwani. Akafungua macho, akanitazama, na kwa muda mfupi nikaona kwamba hanifahamu. Kisha akauliza, "Ngapi ngapi?" Nikamwambia moja bila, tunaongoza. Akasimama, akapiga hatua nne au tano, akageuka: "Eti ngapi ngapi?" Mtangazaji mwenye kipaza sauti alikuwa tayari anamsifu: huyo ndiye mwanaume, huyo hafi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, dumu tupu likiwa kwapani.

Ng'ombe tulimchukua. Usiku ule baba mdogo alitapika, tukasema ni rubisi. Asubuhi alitoka nje akinyoosha mgongo, akauliza, "Hivi, waitu, yule ng'ombe alichukuliwa na nani?" Nyumba nzima ikacheka. Tuliicheka hadithi hiyo miaka kumi, kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye vikao vya kutafuna kahawa. Nilipofika chuo kikuu mwaka wa kwanza niliisimulia bwenini, nikapata marafiki kwa hadithi hiyo.

Siku hizi siisimulii.

Sasa baba mdogo ana miaka arobaini na mitano. Anakwenda mnada wa Omurushaka kununua jembe anarudi na chumvi, na chumvi yenyewe anaishangaa. Mtu aliyekuwa mpole kuliko ndugu zake wote anaweza kurusha sahani kwa sababu mtoto amecheka. Kichwa kinamuuma hadi anakaa gizani mchana. Na mwaka juzi aliuza kahawa yake butura mara mbili.

Kwa asiyetoka kwetu: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Serikali inaikataza, njaa inairuhusu. Baba mdogo alichukua pesa kwa mtu mmoja, na baada ya miezi miwili akachukua kwa mwingine, kwa mibuni ileile. Wanunuzi walipokutana shambani, nusura wapigane. Kijiji kikamwita mwizi. Kwenye kikao cha ukoo aliapa kwamba huyo wa kwanza hamkumbuki, na nilipomtazama usoni niliona macho yaleyale ya mwaka 2009, yanayotazama bila kufahamu. Ukoo uliuza mitamba miwili kulipa deni. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni pombe. Nilimsindikiza hospitali, alipimwa malaria, alipimwa sukari, aliulizwa anakunywa kiasi gani. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kucheza mpira.

Niseme wazi kabla hujanishika mahali: mimi sijui baba mdogo anaumwa nini. Nasoma shahada ya uzamili, si udaktari, na ugonjwa ninaoufikiria hauwezi kuthibitishwa kwa mtu aliye hai. Hadi leo unathibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo. Inawezekana ni pombe kweli. Inawezekana ni jambo jingine kabisa. Ugomvi wangu hauhitaji kujua. Ugomvi wangu ni na ile sentensi ya maneno matatu iliyotoka kwenye mstari, na sisi tuliopiga makofi.

Tuanze na linalojulikana. Ubongo ni laini, umekaa ndani ya majimaji kwenye fuvu. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, fuvu linasimama, ubongo unaendelea na safari. Nyuzi nyembamba zinazounganisha seli zinavutika, nyingine zinaharibika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Si lazima mtu azimie. Wengi wanaoupata hawazimii. Wanayumba, wanatapika, wanauliza matokeo mara mbili. Wakipumzika, wengi hupona. Tatizo ni pigo la pili juu ya la kwanza, na la kumi juu ya la tisa, kwa miaka.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakitembea kama walevi na kuzungumza kwa kukokota ulimi miaka baada ya kushuka ulingoni. Mwaka 1973 jopo la Uingereza likiongozwa na J. A. N. Corsellis lilieleza uharibifu waliouona kwenye bongo za mabondia wastaafu 15. Mwaka 2002 Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu, Mnigeria aliyezaliwa wakati wa vita vya Biafra, alipewa kazi ya kuchunguza maiti ya Mike Webster mjini Pittsburgh. Webster alikuwa nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani. Alikufa na miaka 50, akiwa amechanganyikiwa na kufilisika. Omalu aliukuta ubongo wake umejaa protini iitwayo tau mahali isipotakiwa kuwa. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari waliokuwa wakiishauri ligi hiyo waliandika kutaka makala yake ifutwe. Baada ya miaka michache ligi ileile ikakubali kulipa wastaafu wake fidia iliyokaribia dola bilioni moja. Ugonjwa huo kwa kifupi unaitwa CTE.

Utasema hao wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali, sisi tunacheza soka. Haya, tuje kwenye soka. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na timu ya taifa ya Uingereza, alisifika kwa mabao ya kichwa. Alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili ikiwa imemtoka kabla ya mwili. Ofisa aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba kimetokana na kazi yake, sawa na mchimba madini anayekufa kwa vumbi la mgodi. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow wakiongozwa na Willie Stewart walifuatilia kumbukumbu za wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland. Walikufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wa kawaida wa rika lao. Mwaka 2021 wakatazama nafasi za uwanjani. Makipa, ambao hawapigi mpira kwa kichwa, hawakutofautiana sana na watu wa kawaida. Mabeki walikuwa na hatari karibu mara tano.

Mabeki.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wachezaji hao walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mimi si adui wa mpira. Mpira ulimpa baba mdogo mguu imara, marafiki wa Mwanza hadi Murongo, na bati za nyumba yake. Sitaki viwanja vya Kyerwa viote nyasi za ng'ombe. Nataka watu wanaotoka viwanjani wakumbuke waliingia kufanya nini.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba msomaji usijifiche nyuma ya wazee wa kijiji. Mwenyekiti wetu wa timu aliishia darasa la saba. Mimi na wewe tumesoma.

Mwaka 2022 Karim Mandonga alipigwa na Shaban Kaoneka mjini Songea, na nchi nzima ikamfahamu kwa kuanguka kwake. Mtu Kazi alikuwa mchekeshaji kabla ya pambano na bondia ndani ya pambano, na sisi tulifuata sehemu ya kwanza tukasahau kwamba ngumi za sehemu ya pili ni za kweli. Nilikuwa na video ile kwenye simu yangu. Niliituma kwenye makundi matatu. Mwaka 2023, baada ya kupigwa tena Mwanza na Moses Golola wa Uganda, Kamisheni ya ngumi za kulipwa, TPBRC, ilimsimamisha kwa sababu za kiafya. Naisifu kwa uamuzi huo, maana hivyo ndivyo msimamizi anavyopaswa kufanya: kumwambia mtu anayeuza tiketi kwamba leo hapigani. Lakini kumbuka sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa tunatengeneza vichekesho.

Mwishoni mwa Desemba 2024 Hassan Mgaya, bondia kijana, alipigwa KO katika pambano jijini Dar es Salaam, akafariki. Safari hii hakuna aliyecheka. Tuliandika pole, tukaweka picha nyeusi, na wiki ikaisha. Kifo cha ulingoni kina faida moja ya kikatili: kinaonekana. Kinatangazwa kwenye redio na kamisheni inaulizwa maswali. Mtu anayekufa polepole kwa miaka ishirini, shambani kwake Nkwenda, akiitwa mwizi, hana wa kumuuliza mtu swali.

Nimeshatoa hoja hii mara nyingi, kwenye daladala na kwenye semina, na majibu ninayopewa ni yaleyale. Nitayajibu hapa mara moja.

La kwanza: hayo ni matatizo ya matajiri, sisi bado tuna malaria. Ni kweli tuna malaria. Lakini Scotland yenye hospitali zote hizo ndiyo iliyozuia, mwaka 2020, watoto wa chini ya miaka 12 kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Kama mwenye hospitali anaogopa, asiye nayo afanyeje? Mtu wa Edinburgh akipoteza kumbukumbu ana pensheni na nyumba ya kutunzia wazee. Baba mdogo ana mke wake na mitamba ya ukoo, na mitamba imeisha. Umaskini haupunguzi gharama ya kichwa kilichoharibika. Unaihamishia kwa wanawake na watoto wa nyumba ile.

La pili: hatuna mashine. Hili linanikera zaidi kwa sababu linasikika la kisomi. Mashine ya CT haigundui mtikisiko wa ubongo. Inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, ni muhimu kwa hayo, lakini mtu mwenye mtikisiko mara nyingi picha yake inatoka safi kabisa. Kinachogundua ni jicho na swali. Ameyumba? Amekakamaa? Anajua leo tunacheza na nani? Ameuliza matokeo mara mbili? Mtoto wa miaka kumi mwenye dumu la maji aliona dalili zote mwaka 2009. Hakukosa mashine. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba alichokiona kina maana.

La tatu: wao wenyewe wanataka kurudi. Bila shaka. Mtu aliyetikisika ubongo anaulizwa kama ubongo wake unafanya kazi, naye anajibu kwa kutumia ubongo huohuo. Tunamuuliza mlevi kama anaweza kuendesha basi. Tena mchezaji wa kulipwa anajua kwamba akitoka leo nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na mkataba wake hauna mstari wa kumlinda. Hiari ya mtu anayeogopa kukosa mlo si hiari ya kujivunia.

La nne: wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Wanabishana, ndiyo, juu ya pigo ngapi, juu ya nani ana hatari zaidi, juu ya kwa nini wengine wanazeeka salama. Hawabishani kwamba mtu aliyegongwa kichwa akaonyesha dalili aondolewe uwanjani siku ile. Mwaka 2011 Ben Robinson, mvulana wa miaka 14 wa Ireland ya Kaskazini, aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akaanguka, akafa siku mbili baadaye. Tangu hapo wazazi wake wanahubiri kanuni ambayo haihitaji shahada: ukiwa na shaka, mtoe.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitaka, kuanzia Kombe la Ng'ombe hadi Ligi Kuu, kuanzia mazoezi ya shule ya msingi Kaisho hadi ulingo wa Dar es Salaam. Aliyegongwa kichwa akaonyesha dalili hata moja, anatoka na harudi siku ile. Hata akilia. Hata kama ni nusu saa ya fainali na ng'ombe anatazama.

Na asiamue kocha. Wala mwenyekiti, mfadhili, promota, au mchezaji mwenyewe. Wote hao wanafaidika akirudi. Aamue mtu ambaye kikombe hakimhusu: muuguzi akiwepo, mwalimu asipokuwepo muuguzi, mwamuzi asipokuwepo mwalimu. Sheria za soka duniani zimeshafungua mlango: tangu Julai 2024 mashindano yanaruhusiwa kutumia mbadala wa ziada kwa mchezaji aliyetikiswa ubongo, nje ya hesabu ya kawaida, ili kocha asiadhibiwe kwa kumtoa. Kwenye mashindano ya vijijini hatuhitaji hata ruhusa ya mtu. Kanuni zetu tunaziandika wenyewe nyuma ya daftari la shule, pamoja na ile ya mamluki. Tunajua kumtoa uwanjani mchezaji asiye mkazi wa kata. Tushindwe kumtoa asiyejua yuko kata gani?

Kwa wale wa kulipwa nina neno la ziada. Mchezaji mwenye mkataba ni mfanyakazi. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, kwa ajili ya mtu anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Kichwa cha beki ni chombo chake cha kazi kama mkono wa fundi seremala. Tunapojadili usajili, msishahara na bonasi kila msimu hadi usiku wa manane, tuulize na hili: nani anaandika kumbukumbu za vichwa vilivyogongwa? Maana ugonjwa huu hauji na mtu akiwa bado na jezi. Unakuja miaka ishirini baadaye, klabu imebadili viongozi mara sita, na mgonjwa hana hata karatasi inayoonyesha kwamba tarehe fulani alianguka. Uchunguzi ule wa Uingereza uliweza kusema kifo cha Astle kimetokana na kazi. Kwetu hata tukitaka kusema, tutaanzia wapi bila daftari?

Likizo iliyopita nilikwenda Nkwenda. Kulikuwa na mechi, si fainali, mechi ya kawaida ya Jumapili, na baba mdogo alinisindikiza. Tulikaa kwenye nyasi upande wa mikaratusi. Kipindi cha pili winga mmoja, kijana wa kama miaka kumi na saba, alipigwa kiwiko cha kichwa akaenda chini. Alipoinuka alielekea goli lisilo lake. Watu wakacheka. Mtu akapiga kelele apewe maji arudi.

Nilisimama. Nilikuwa na hoja zote hizi kichwani, na Martland, na Glasgow, na WCF. Nilitembea hadi kwenye mstari nikamwambia kocha amtoe. Akanitazama viatu, akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikasema mimi ni mtoto wa hapa. Akasema, "Basi kaa, mtoto wa hapa."

Kijana alirudi uwanjani. Alicheza hadi mwisho, na sijui alilalaje usiku ule.

Niliporudi kwenye nyasi, baba mdogo aliniuliza matokeo. Nikamwambia bila bila. Baada ya muda akaniuliza tena, nikamjibu tena.